Kigingi cha Sifuri

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti mwaka 1968, jioni, mbuzi wakirudi bomani. Kabla ya siku hiyo mambo hayakuwa mazuri sana, lakini yalikuwa mambo ya Ratemo mwenyewe. Baada ya hapo yakawa ya serikali.

Jioni hiyo Ratemo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kilimani juu ya soko la Nyaramba, akichonga mpini wa jembe. Akaona watu wakipanda kutoka bondeni na mizigo kichwani: hema, masanduku, na kitu chenye miguu mitatu kilichofunikwa turubai kama mgonjwa. Mbele yao alitembea Mzungu mwembamba. Nyuma yake alifuata mkalimani kutoka Nairobi, amevaa viatu vya mjini na kuvijutia kila hatua.

Mkalimani alisalimu, akaketi bila kukaribishwa, akaeleza. Serikali inataka kuleta reli ya mizigo. Itatoka upande wa Kisumu, itapanda mpaka Nyaramba, iende Kisii, ichukue majani ya chai, pareto na ndizi. Lakini serikali yenyewe haijui reli ipite wapi, kwa hiyo imeajiri kampuni ya watu binafsi, ya ng'ambo, ya wanaojua. Huyu hapa ndiye anayejua.

"Kazi yake hasa ni nini?" Nyanchera, mke wa Ratemo, aliuliza kutoka jikoni.

"Anashauri, mama."

"Na nani anaamua?"

"Serikali."

"Baada ya yeye kuiambia."

"Ndiyo."

"Basi karibuni ndizi," Nyanchera akasema, maana mtu akishaelewa jambo hana haja ya kuendelea kuuliza.

Mzungu alitaka kupiga hema chini bondeni, kando ya kijito, kwa sababu ramani yake ilionyesha reli ikipita huko. Hapo ndipo Ratemo alipofanya kosa lake. Mtu wa kwingine angenyamaza, aache Mzungu akalale na mbu wake. Lakini Ratemo alilelewa na watu. Mgeni halazwi kwenye kinamasi. Ukimlaza pabaya, atalitangaza boma lako kila atakapokunywa maji.

"Mwambie asilale huko," alimwambia mkalimani. "Mwambie alale hapa."

Akamwonyesha upande wa kushoto wa nyumba, ukitoka mlangoni, kiwanja cha nyasi kilichoanzia ukutani kwake hadi fensi ya jirani yake Ogari. Palikuwa pahali pakavu kuliko pote shambani. Hata mvua ya Aprili haikuwahi kusimama pale.

Mkalimani alitafsiri. Mzungu akaukanyaga udongo kwa kisigino, akaomba atafsiriwe tena hayo ya mvua, akaandika.

"Amefurahi," mkalimani akasema. "Anasema hii ni ardhi nzuri sana."

Ratemo naye akafurahi. Mtu akisifiwa ardhi yake hufurahi. Hajui kwamba sifa nyingine ni kamba.

Asubuhi umande ulikuwa mwingi na kile chombo cha miguu mitatu kilikuwa kizito, kwa hiyo hakikupelekwa bondeni. Kilisimamishwa palepale hema lilipolala. Mzungu akachungulia upande huu, akachungulia upande ule, akasema jambo. Wapagazi wakachimba shimo, wakasimamisha chuma, wakamwaga saruji. Ilipokauka, palikuwa na kigingi kinachofika magotini, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu.

"Hiki ni cha nini?" Ratemo aliuliza.

"Hapa ndipo sifuri," mkalimani akasema. "Vipimo vya reli vya upande huu wote vitaanzia hapa."

"Kwa hiyo boma langu ni sifuri."

"Ni heshima, mzee."

Ratemo alitembea na heshima hiyo wiki nzima. Aliitaja sokoni. Aliitaja kanisani siku ya Sabato, baada ya ibada, kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka aulizwe zaidi. Ogari alikuja kujionea mwenyewe. Ogari na Ratemo walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo Ogari alikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, na aliitumia yote.

"Watu wengine hupewa cheo," Ogari alisema, akikizunguka kigingi. "Wewe umepewa kijiti."

"Ni sifuri ya reli."

"Naona. Nilijua siku moja serikali itakupima."

Nyanchera alifunga ndama kwenye kigingi, kwa sababu kilikuwa imara kuliko mti, na kila Ijumaa alipofagia uwanja kabla ya Sabato alifagia na hapo pia. Mzungu alikuwa ameshaondoka. Hakurudi tena.

Baadaye kidogo chifu aliita baraza. Chifu Manasseh alikuwa mtu mzito, mwenye kuyasema maneno ya wakubwa kana kwamba aliyaota mwenyewe usiku. Alisema washauri wameshashauri. Kuanzia sasa kuna ukanda wa reli. Kwa Ratemo, ukanda unaanza ukutani na kuishia fensi ya Ogari. Ndani ya ukanda hakuna kupanda, hakuna kujenga, hakuna kuchimba.

"Mpaka lini, Bwana Chifu?" Ratemo aliuliza.

"Mpaka reli ije."

"Na isipokuja?"

Chifu alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza Mungu aliumbwa na nani.

"Ratemo, watu hawa wameletwa kutoka ng'ambo. Unadhani mtu huvushwa bahari ili reli isije?"

Baraza likacheka. Ratemo naye akacheka kidogo. Alisoma mpaka darasa la pili, na darasa la pili halifundishi kujibu swali la namna hiyo.

Miaka hiyo watu wa kilimo walikuwa wanawagawia wananchi miche ya chai. Kilima kizima kikageuka kijani cha namna moja. Ogari alipanda hadi kwenye fensi, na mstari wake wa mwisho ukawa unachungulia kwa Ratemo kama mwanamke mbea. Ratemo hakupanda. Shamba lake lililobaki lilikuwa chini, la maji, linalofaa vyura na viazi vikuu. Pahali pake pakavu palikuwa pa reli. Nyasi ziliota pale, ndefu na nzuri, na ndama wakazila wakitazama chai ya watu.

Kisha ikaja habari ya barabara. Barabara ya kutoka Nyaramba kwenda Nyamira ilikuwa ya udongo mwekundu, na wakati wa mvua iliyeyuka kama sabuni. Watu waliomba imwagwe kokoto. Chifu Manasseh aliuliza huko juu, akarudi na jibu: washauri walishaonyesha kwamba mizigo itabebwa na reli, kwa hiyo si busara kutengeneza barabara ya kubebea mizigo ambayo haitapita barabarani.

"Kwani ukijua jioni utakula kwa shemeji," chifu alieleza, "utapika nyumbani?"

"Nitapika," Ogari alisema. "Nawajua mashemeji zangu."

Hakuna kokoto iliyomwagwa.

Mwezi wa Mei mwaka 1971 Nyanchera alishikwa na kichomi. Siku ya kwanza alisema ni baridi. Siku iliyofuata hakusema. Ratemo alishuka sokoni, akamkuta Issack, mfanyabiashara wa mjini Kisii aliyekuwa na lori la kubebea ndizi. Issack alikuwa Msomali wa maneno machache. Hakuuliza atapata nini. Alishusha mikungu kadhaa, akaacha mingine ili mama apate pa kuegemea, wakaondoka kwa barabara ile ya Nyamira kuelekea hospitalini.

Walifika kwenye mteremko wa pili. Lori likazama hadi ekseli. Watu walitoka mashambani, wakakata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma. Gurudumu lilizunguka na kuwapaka matope usoni. Mvua haikuwa na haraka. Nyanchera, amefunikwa blanketi juu ya majani ya ndizi, alikuwa amefumbua macho akisikiliza kelele zao.

"Waambie wasisukume wote upande mmoja," alimwambia Ratemo.

Ratemo aliruka chini kuwaambia. Walipogawanyika, lori lilitoka, kweli. Ratemo alirudi juu kumwambia mkewe kwamba alikuwa amesema sawa. Alimkuta ameshamaliza safari yake.

Issack alizima injini. "Reli yenu ingekuwa imefika," alisema, si kwa kejeli, alikuwa tu anafikiri, "angekuwa kwenye behewa saa hizi. Twende wapi sasa, mzee?"

"Nyumbani," Ratemo akasema.

Kwa Wagusii hakuna anayeuliza mtu azikwe wapi. Mtu huzikwa nyumbani kwake. Mwanamume hulazwa upande wa kulia wa nyumba, mwanamke upande wa kushoto, ukitoka mlangoni. Hata mlevi anajua. Wachimbaji walikuja asubuhi na majembe yao, wakaenda kushoto moja kwa moja, wakapima, na jembe la kwanza lilikuwa limeshainuliwa Chifu Manasseh alipotokea.

"Pole, Ratemo," alisema. "Pole sana. Lakini huo ni ukanda."

Jembe lilishuka polepole.

"Bwana Chifu," Ratemo akasema, "ni kaburi."

"Kaburi ni kuchimba. Nilitaja kuchimba. Hata mimi nina uchungu. Lakini fikiria treni ikija, mama yenu alale chini ya behewa la pareto?"

Wazee waliketi pembeni kuongea. Mchungaji wa kanisa la Sabato, aliyekuja na Biblia yake na mwavuli, alisema siku ya ufufuo hakuna atakayeulizwa alilala upande gani. Wazee walimshukuru. Wakasema wao hawakuwa wanazungumzia siku hiyo, walikuwa wanazungumzia leo. Mwili ulikuwa umelazwa ndani na jua lilikuwa linapanda. Mwishowe wakaamua Nyanchera alazwe kulia. Treni itakapokuja ikapita kushoto, walisema, kila mtu ataona na kuelewa kwa nini.

Upande wa kulia ulikuwa na mwamba. Kati ya mwamba na ukuta palikuwa na udongo wa kumtosha mtu mmoja tu, na mtu huyo, tangu nyumba ijengwe, alikuwa Ratemo. Alisimama akatazama mkewe akilazwa mahali pake. Akapanda mgomba juu.

Treni haikuja. Hakuna aliyeelewa.

Ogari alinyamaza miezi mingi, na kwa Ogari hiyo ilikuwa ndiyo rambirambi. Lakini kinywa si mlango wa chuma. Siku moja wakinywa uji alisema, "Naona Nyanchera ndiye mwanamume wa boma hili. Wewe sasa umeolewa."

"Alinitangulia kuingia, basi."

"Jenga nyumba nyingine, mtu wangu. Uanze upya kulia na kushoto."

"Nijenge wapi? Kule chini, nizikwe na vyura?"

"Vyura hawana chifu," Ogari akasema.

Ratemo alicheka, na usiku huo hakulala. Hakuwa mtu wa kuogopa kufa. Alichoogopa ni kupelekwa kushoto. Mzee mwenye boma, mwenye mwana, alazwe upande wa wanawake, na vitukuu waonyeshwe: huyu hapa ndiye babu yenu, msituulize, hata sisi hatujui. Na hata huko kushoto penyewe hapakuwa pake. Palikuwa pa reli.

Kwa hiyo alitaka jambo moja tu: ukanda ufunguliwe. Kigingi kikitoka, ardhi ya kushoto ingerudi kuwa yake. Angejenga hapo nyumba mpya, mlango wake utazame kinyume na huu wa sasa, na nyumba ingekuwa na kulia kwake na kushoto kwake, udongo mkavu pande zote. Hata Nyanchera angeangukia upande wake bila kuguswa. Alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kwa fimbo mavumbini, akaifuta, akaipiga tena. Ilikubali kila mara.

Kung'oa chuma hakungemshinda. Lakini wazee walimkumbusha kitu ambacho hakuhitaji kukumbushwa. Mpaka ni wa watu wawili. Anayeung'oa peke yake hung'oa na watoto wake. Walikuwepo waliojaribu zamani, na maboma yao leo ni vichaka. Mpaka huondolewa pande zote mbili zikiwapo, kila upande umeushika, kila upande umetamka mbele ya wazee kwamba unauachilia.

"Upande wa kwanza ni wewe," mzee mmoja alisema. "Lete wa pili."

Ratemo akaenda kumtafuta wa pili.

Chifu alisema amri si yake, ni ya mkuu wa tarafa, Bwana D.O. Bwana D.O. alisema yeye anafuata ripoti, na ripoti ni ya washauri. Ratemo alipanda gari mpaka Kisii, akaketi kwenye benchi la ofisi ya wilaya mpaka akaijua kila alama ya ukuta. Karani akamwambia washauri walishamaliza mkataba wakarudi kwao.

"Na kigingi chao?"

"Kigingi si cha serikali, mzee. Serikali ingekuwa na vigingi vyake ingeajiri washauri wa nini?"

"Basi ni chao."

"Nao walikipiga kwa niaba ya serikali."

Ratemo aliliwaza neno hilo njia nzima. Kuna mtu amekupigia chuma ubavuni mwa nyumba. Ukimuuliza, anasema ametumwa. Ukimuuliza aliyemtuma, anasema ameshauriwa. Kumbe wakubwa wamevumbua namna ya kufanya jambo bila kuwapo aliyelifanya. Hata mchawi, ukimkamata uchi uwanjani kwako, angalau ni yeye.

Mwaka 1973 walikuja washauri wengine, kampuni nyingine, wawili ndani ya Peugeot. Hawakupanda kilimani. Waliketi sokoni Nyaramba kwenye viti vya hoteli wakihesabu malori. Ratemo alivaa koti lake la kanisani, akashuka.

"Nina kigingi chenu," aliwaambia kupitia dereva wao.

Walizungumza wao kwa wao. "Hicho si chetu," dereva akatafsiri. "Ni cha wale wa kwanza. Hawa wameajiriwa kushauri kuhusu ushauri wa wale."

"Waambie waje waking'oe tu. Ni karibu."

"Wanasema hawawezi kukigusa kabla hawajamaliza kuchunguza kama kinafaa. Na wakimaliza, kazi yao itakuwa imekwisha."

Ratemo aliwatazama. Mmoja alikuwa anakula ndizi. Walikuwa watu wenye nyuso nzuri tu, unaweza kuwapa mtoto wakushikie. Akawashukuru, akapanda kilima chake.

Mwanawe Ondieki alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya chai huko Sotik. Mwaka 1977 Ratemo aliugua, malaria iliyompanda kichwani, na Ondieki akaja. Ratemo alikuwa amelala kitandani, wote wakidhani hasikii. Nje ya dirisha aliwasikia Ondieki na binamu zake.

"Itabidi kushoto," mmoja alisema.

"Kushoto ni ukanda. Unataka tulale ndani kwa chifu?"

"Basi tumpeleke kwetu."

"Kwetu kwa nini? Ana boma lake."

"Tungemlaza juu ya mama yake Ondieki."

"Wewe unasikia unachosema?"

Kisha sauti ya Ondieki. "Mimi sijengi hapa mpaka nijue. Boma ambalo baba hana upande, mimi nitapanga nyumba yangu nikifuata nini?"

Ratemo alipona. Wengi walisema ni dawa. Yeye mwenyewe alijua ni hasira. Hakuwa na pa kwenda.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli, ambayo ilikuwa ya nchi tatu, ikagawanywa, kila nchi na chuma chake. Watu sokoni walisema sasa basi, mambo ya ukanda yamekufa. Ratemo alimwendea Chifu Manasseh, ambaye sasa alikuwa amezeeka na kutembea na fimbo mbili.

"Sijaambiwa kwamba yamekufa," chifu alisema. "Na mimi siwezi kuzika kitu ambacho sijaambiwa kimekufa."

"Mke wangu ulijua alikuwa amekufa."

Chifu alitazama fimbo zake. "Huyo nilimwona," alisema.

Machi mwaka 1978 mshauri wa tatu alikuja. Alikuja peke yake, na mfuko wa ngozi begani, amevaa tai. Alipanda kilima kwa mguu bila kusimama kupumua, na alipofika uwanjani hakusema habari za jioni. Aliinama kidogo, akamsalimu Ratemo kwa Kigusii, kama kijana anavyomsalimu baba wa mwenzake. Jina lake lilikuwa Cleophas, mzaliwa wa Sironga. Alikuwa amesoma mpaka ng'ambo, akarudi, akaajiriwa na kampuni ya Nairobi. Kampuni iliajiriwa na serikali. Ishauri kama ule ushauri wa zamani bado unaweza kutumika.

Ratemo alimpa kiti, akamtuma mtu kuwaita wazee upesi. Walikuja kabla kijana hajamaliza maziwa yake. Ogari alikuja pia, hakuna aliyemwita.

"Hatimaye," Ogari alisema, akimtazama mgeni akitengewa ugali na mboga chungu ya chinsaga. "Wametuletea mshauri anayejua kula."

"Nimeila tangu nikiwa mdogo, mzee."

"Tutaona kama ilikusaidia."

Wakamweleza. Walieleza yote, hema, kinamasi, udongo mkavu, jembe lililoinuliwa likashushwa. Cleophas alisikiliza bila kuandika. Alipofika kwenye kaburi lenye mgomba alisimama muda mrefu, na walipomwonyesha upande lilipo, hakuhitaji kuelezwa. Uso wake ulibadilika kama uso wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba umewekwa darini.

"Ni jambo dogo," mzee mkubwa alimwambia. "Hatutaki reli irudi wala iondoke. Shika kigingi upande ule, Ratemo ashike huku. Useme, 'Mimi ni mwenye mpaka huu, nimeuachilia.' Tuking'oe. Kesho uendelee na kazi yako."

Ratemo alifungua ndama. Akapiga goti, akashika saruji. Rangi nyekundu ilikuwa imekwisha, ikabaki kama kutu ukingoni. Cleophas alivua koti, akalikunja, akapiga goti upande wa pili. Mikono yao ilikaribia kugusana. Ratemo aliiona mikono ya kijana ilivyo laini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi aliona yule wa pili yuko hapo, mtu mzima, mwenye vidole.

"Sema," mzee akasema.

Cleophas akaitoa mikono yake kwenye kigingi, taratibu, kana kwamba kuna nyoka.

"Siwezi kusema hivyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi si mwenyewe."

"Wale wa Peugeot tungewabana wangesema," Ogari akasema. "Yule Mzungu wa kwanza angesema na kucheka."

"Wangesema kwa sababu hawajui ni neno gani. Mimi najua. Niape kwa mpaka usio wangu?" Akajifuta magoti. "Mama yangu bado yuko hai, wazee. Nina mtoto."

Hakuna aliyembishia. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba alikuwa amesema kweli, na kila mzee pale angefanya vilevile. Miaka yote walikuwa wanangoja mtu wao apewe kazi hiyo, ili aelewe. Sasa alikuwa ameelewa.

"Basi mwenyewe ni nani?" mzee aliuliza.

Cleophas alijaribu, kwa heshima. Ile kampuni ya kwanza ilinunuliwa na nyingine, na hiyo nyingine haifanyi tena mambo ya reli. Ripoti yao ilikabidhiwa kwa reli ya nchi tatu. Nchi tatu ziligawana, na makaratasi mengine hayajulikani yaliangukia upande gani. Kampuni yake yeye imeulizwa tu kama inafaa kuyatafuta.

"Na wewe utawashauri nini?"

Kijana alitazama chini. "Kwamba waajiriwe watu wa kuyatafuta."

Ratemo aliinuka, akamfunga ndama tena kwenye kigingi, fundo lilelile la Nyanchera. Akatembea mpaka mlangoni pake, akageuka, akasimama akiwatazama, mgongo kwenye mlango, kama mtu anayetoka nyumbani asubuhi. Mkono wake wa kulia ulielekea kwenye mgomba. Wa kushoto ulielekea kwa ndama.

"Mwanangu," alimwambia Cleophas, bila kupaza sauti, "wengine walikuja hawajui lugha, sikuwauliza. Wewe umezaliwa hapo Sironga. Umekula chinsaga yangu. Na kushauri ndiyo kazi uliyosomea. Sasa nishauri na mimi: nikifa, nilazwe upande gani?"